Kifurushi Kisichoagizwa: Dhana Potofu na Ukweli

Kifurushi kimefika, jina na anwani vilivyoandikwa juu yake ni vyako bila kosa hata la herufi moja, lakini hukumbuki kukiagiza. Ndani mna pete ya bei nafuu au pakiti ya mbegu, wala hamna barua ya mtumaji. Watu hulipokea jambo hili kwa namna mbili, ama kwa furaha ya kupata cha bure ama kwa hofu kubwa, na namna zote mbili hujengwa juu ya dhana zisizo sahihi.

Dhana: Hii ni zawadi tu, na hakuna aliyeumia.

Ukweli: Mara nyingi kifurushi cha aina hii ni sehemu ya udanganyifu wa kibiashara. Katika masoko ya mtandaoni, bidhaa inayosifiwa na wanunuzi wengi huonyeshwa mbele ya nyingine, na sifa zenye uzito zaidi ni zile zinazotoka kwa mtu ambaye kumbukumbu za soko zinaonyesha kwamba alinunua kweli. Kwa hiyo muuzaji asiye mwaminifu hufungua akaunti kwa jina lako, hujiuzia bidhaa yake mwenyewe, kisha hutuma kitu chochote chepesi kwenye anwani yako ili namba ya ufuatiliaji ithibitishe kwamba mzigo umefika. Baada ya hapo huandika, kana kwamba ni wewe, sifa za nyota tano. Anayeumia ni mnunuzi wa kesho atakayeziamini sifa hizo, pengine kwa bidhaa inayogusa afya yake au ya mtoto wake, na jina lililotumika kumpotosha ni lako.

Dhana: Mtumaji tayari ameingia kwenye akaunti yangu ya benki.

Ukweli: Si lazima. Jina na anwani vinamtosha, na taarifa hizo hupatikana kwa urahisi, hasa pale kanzidata ya kampuni fulani inapovuja. Hata hivyo, anwani iliyovuja huenda imevuja pamoja na namba ya simu, baruapepe au neno la siri. Anza kwa kuwauliza wa nyumbani mwako kama kuna aliyeagiza, kisha pitia orodha ya manunuzi katika akaunti zako za mtandaoni na taarifa ya benki, na ubadilishe maneno ya siri, hasa kama umezoea kutumia neno moja kila mahali.

Dhana: Kuskani msimbo wa QR ulio ndani ya kifurushi ni njia salama ya kumjua mtumaji.

Ukweli: Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwa sababu kifurushi kinageuka kuwa chambo. Mwezi Julai 2025, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kuhusu vifurushi vinavyotumwa bila jina la mtumaji, kwa makusudi, ili udadisi umsukume mpokeaji kuskani msimbo, ambao humpeleka kwenye ukurasa wa kuiba taarifa zake za fedha au humwekea programu haribifu kwenye simu. Usiuskani, wala usipige namba ya simu iliyoandikwa kwenye karatasi iliyomo.

Dhana: Nisipokilipia au kukirudisha, nitakuwa nimevunja sheria.

Ukweli: Nchini Marekani, Uingereza na katika Umoja wa Ulaya, sheria haimlazimishi mtu kulipia bidhaa aliyotumiwa bila kuiagiza, na anayedai malipo hayo ndiye mwenye kosa. Kwingineko inafaa kuuliza mamlaka ya kumlinda mlaji. Mzigo wenye jina la jirani ulioletwa kwako kimakosa ni suala jingine, nao hurudishwa. Vilevile, ukiletewa simu ya gharama kubwa usiyoiagiza, usiihesabu kuwa bahati: huenda mwizi ameifungulia mkopo kwa jina lako, na mtu anaweza kufika akijifanya mfanyakazi wa kampuni ya usafirishaji aliyekuja kuichukua. Usimkabidhi, wasiliana na muuzaji kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Dhana: Mbegu ni mbegu, zipandwe.

Ukweli: Mwaka 2020, wakazi wa majimbo yote 50 ya Marekani, pamoja na watu wa Kanada na Uingereza, walipokea pakiti za mbegu, nyingi zikionekana kutoka China. Baadhi zilitambuliwa kuwa za kabichi, mnanaa na waridi, na wizara ya kilimo ya Marekani iliona dalili za ule udanganyifu wa sifa bandia, ingawa ilibainika baadaye kwamba baadhi ya wapokeaji walikuwa wameagiza wenyewe wakasahau. Hata mbegu ya mmea unaofahamika inaweza kubeba ugonjwa au mdudu mharibifu, ndiyo maana wananchi waliambiwa wasizipande wala wasizitupe, kwa kuwa mbegu huweza kuota hata jalalani. Ziache katika pakiti yake, pamoja na bahasha na lebo iliyokuja nayo, uzikabidhi kwa ofisi ya kilimo. Na kwa bidhaa nyingine, lipe taarifa soko la mtandaoni linalohusika, likitajwa kwenye lebo, na uliombe liondoe sifa zilizoandikwa kwa jina lako.