Ndoano ya Mfaransa, waya wa Mmarekani

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufunga matishari ubavuni mwa meli, enzi zile meli kubwa zikitia nanga mbali na gati la Tanga. Kilichonitia hofu ni kamba. Juu mabaharia Wafilipino, chini sisi wa Chumbageni. Wao wanasema legeza, sisi tunavuta, wimbi la kusi linanyanyua tishari, kamba inalia. Ikikatika hapo, inaondoka na mguu wa mtu.

Kwa hiyo nikisoma kwamba mataifa rafiki yanafanya mazoezi kwenye manowari za kubeba ndege, sihesabu makombora. Natafuta kamba.

Mwaka 2018 manowari ya Ufaransa, Charles de Gaulle, ilikuwa kwenye matengenezo, na marubani wake wakaenda na ndege zao za Rafale kwenye USS George H.W. Bush ya Marekani. Kuruka hakukuwa na shida sana, maana mitambo ya mvuke inayorusha ndege za Charles de Gaulle ilitoka Marekani. Kutua ndiko kwenye kazi. Rubani hushusha ndoano mkiani ili inase waya wa chuma uliokingamizwa sitahani. Akigusa sitaha hapunguzi moto, anaongeza, kwani akiukosa waya hana budi apae tena papo hapo. Chini ya sitaha upo mtambo unaoushika waya ule, nao hurekebishwa kila ndege inapokuja, kulingana na uzito wake. Sasa fikiria: Mfaransa yuko hewani, Mmarekani yuko kwenye mtambo, na kilicho kati yao ni tarakimu moja ya uzito. Lazima wote waielewe vilevile.

HMS Queen Elizabeth ya Uingereza haina waya kabisa. Ndiyo maana mwaka 2021 ilibeba ndege za F-35B za Marekani, zinazoshuka wima. Rafale isingeweza kutua pale.

Sisi wa Tanga tunajua ilivyo watu wasipozoeana. Novemba 1914 Waingereza waliwashusha Raskazone askari wao kama 8,000 kutoka India, wengi hawajawahi kupigana pamoja, ili waiteke Tanga iliyokuwa ya Wajerumani. Manowari yao, Fox, ilikuwa imeshatangulia kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutoshambuliana yamekwisha. Askari kama 1,000 wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakawarudisha baharini, na makaburi ya waliouawa yako hapa mjini.

Aprili 2025 Tanzania na India ziliendesha AIKEYME, mazoezi ya majeshi ya majini ya India na nchi za Afrika, Dar es Salaam. Hakukuwa na manowari ya kubeba ndege. Lakini mabaharia wa mataifa mbalimbali walifanya mazoezi ya kupanda chombo kimoja na kukipekua, na hapo pia kuna mtu wa kusema legeza na mtu wa kumsikia.