Kula kwa padi: yanayosemwa kuhusu ajira ya gemu, na yalivyo

Dhana: Bingwa wa kibanda cha PS (PlayStation) mtaani, mwenye padi ya kuchezea mkononi, amebakiza hatua moja tu kufikia mamilioni.

Mamilioni yapo kweli. Oktoba 2021, Team Spirit walinyakua zaidi ya dola milioni 18 kwenye The International, mashindano makuu ya gemu ya Dota 2. Timu ni ya watu watano. Zawadi zote kwa jumla zilifika dola milioni 40.

Vijana wengi huishia kusoma hapo. Fedha hizo zilitoka wapi? Mashabiki walikuwa wakinunua vikorombwezo vya ndani ya gemu, na robo ya mauzo ikaingia kwenye kapu la zawadi. Mwaka 2023 kampuni ya Valve, mwenye gemu hiyo, ikabadili utaratibu, kapu likashuka hadi takriban dola milioni 3. Wachezaji hawakushuka kiwango. Mwenye gemu aliamua tu. Mpira wa miguu hauna mwenyewe, gemu inaye. Overwatch League, ligi ya gemu ya Overwatch, ilianza 2018 ikiahidi kila mchezaji mshahara usiopungua dola 50,000 kwa mwaka. Baada ya msimu wa 2023, kwisha habari yake.

Dhana: Lazima uache shule.

Mkenya Sylvia Gathoni, QueenArrow kwa jina la ulingoni, alisajiliwa na timu ya XiT Gaming mwaka 2018 kwa ajili ya gemu ya ngumi ya Tekken, naye alikuwa akisomea sheria chuo kikuu. Mwanao akikwambia vitabu vinampunguzia mazoezi, mtajie huyo.

Dhana: Ukivuka miaka 25 umezeeka.

Mchezaji Faker wa Korea Kusini alizaliwa 1996. Ametwaa ubingwa wa dunia wa gemu ya League of Legends 2023, 2024 na 2025.

Dhana: Ni kazi ya wavivu, kukaa tu.

Kukaa huko kunaumiza. Mchina Uzi, mchezaji wa League of Legends, alistaafu 2020 akiwa na miaka 23, kwa kisukari na mkono uliochoka.

Dhana: Kipaji kinatosha.

Kwa anayecheza akiwa Dar es Salaam au Nairobi, hili ndilo linalouma zaidi. Gemu nyingi za mtandaoni seva zake, yaani kompyuta zinazoendesha mechi, ziko mbali, Ulaya au Afrika Kusini, na kila unapobonyeza, amri husafiri kwanza. Wewe unamwona adui bado kajificha nyuma ya ukuta. Kwake yeye ameshakufyatulia risasi na kuondoka. Hapo umeme haujakatika wala bando halijaisha. Ndiyo maana mimi ningemshauri kijana aanze na gemu za ngumi au za mpira, ambazo wawili hukaa bega kwa bega mbele ya skrini moja, na aweke akiba ya nauli ya kwenda mashindanoni mapema.

Kwa sasa, mtu pekee mtaani kwetu ninayemwona akila kwa padi kila siku ni mwenye kibanda, anayetoza kwa mechi. Yeye mwenyewe hachezi.