Pumba hazigeuki maziwa zenyewe: dhana potofu kuhusu rumeni ya ng'ombe

"Daktari, nimemwongezea ndoo nzima ya pumba, na maziwa ndiyo kwanza yanapungua." Maneno haya nimeyasikia Hai, nimeyasikia Arumeru, nimeyasikia Rungwe. Kila nikiyasikia najua nitakachokikuta bandani: horini mabua makavu ya jana, ndoo ya pumba imerambwa ikabaki safi, na ng'ombe amesimama kimya, hacheui.

Dhana yenyewe ni kwamba pumba ndizo chakula na majani ni ya kujaza tumbo. Hii inanichosha kuliko zote, maana mfugaji analipa mara mbili: ananunua pumba kwa bei ya kiangazi, kisha ananunua dawa ya ugonjwa ulioletwa na pumba hizo hizo.

Ukweli ni huu. Ng'ombe hana kimeng'enya chake hata kimoja cha kuvunja nyuzinyuzi za majani. Kazi hiyo inafanywa na bakteria, protozoa na fangasi waliomo ndani ya rumeni, tumbo ambalo kwa ng'ombe mkubwa hubeba lita 100 na zaidi, lenye joto la nyuzi 39 hivi na karibu halina oksijeni. Vijidudu hivyo huchachusha kila kinachoingia na kutoa asidi tatu kuu: asetiki, propioniki na butiriki. Asidi hizo hupenya ukuta wa rumeni na kuingia kwenye damu, na humo ndimo ng'ombe anamopata sehemu kubwa ya nguvu zake. Nyuzinyuzi huzaa asetiki zaidi, ambayo ndiyo malighafi ya mafuta ya maziwa. Wanga huzaa propioniki zaidi. Ini huigeuza sukari, sukari hiyo hutengeneza laktosi, yaani sukari ya maziwa, na laktosi ndiyo inayoamua ujazo wa maziwa kiweleni. Kwa hiyo pumba zina kazi yake, sisemi zitupwe.

Shida iko kwenye kasi. Wanga huchachuka upesi mno, na ndoo nzima ikishuka kwa mara moja kwenye tumbo lisilo na majani, asidi hutengenezwa haraka kuliko inavyofyonzwa. Vijidudu vya nyuzinyuzi hustawi pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, ikiwa kati ya 6 na 7. Ikishuka chini ya 6 vinalegea. Ikifika chini ya 5.5 wanashamiri bakteria wa asidi laktiki, ambayo ni kali kuliko zile tatu. Hapo hata majani mazuri aliyokula asubuhi yanakaa humo bila kuvunjwa, hamu ya kula inakatika, mafuta ya maziwa yanashuka, na lita zinafuata.

Kinga yake ni mate. Ng'ombe hutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku, yenye baikaboneti inayopoza asidi, na humwagika kwa wingi anapotafuna na kucheua. Kinachomfanya acheue ni majani yenye urefu wa kuchokoza ukuta wa rumeni. Pumba haziwezi kufanya hivyo, hata umpe gunia.

Nakuomba uende bandani saa sita mchana, ng'ombe wamelala, ukae kimya uwatazame koo. Utaona tonge likipanda shingoni, taya likianza kwenda upande, kisha tonge likishuka na jingine kupanda. Hesabu: ng'ombe mwenye rumeni nzima hutafuna kila tonge mara 50 hadi 70. Ukikuta wengi wao wamelala na wala hawacheui, usiniulize habari ya dawa ya kuongeza maziwa. Tazama na mavi: yakiwa mepesi, yana povu na punje zinaonekana, asidi imezidi. Miezi michache baadaye utamwona anabadilisha miguu, anainua huu anashusha ule, nawe utalaumu sakafu ya saruji wakati kwato zimeharibiwa na hori.

Ninachowaambia wafugaji wote ni majani kwanza, pumba baadaye. Pumba zigawe mara 3 au 4 kwa siku, zisizidi kilo 2 kwa mkupuo, na maji yawepo saa zote. Ukitaka kuongeza, ongeza kidogo kidogo kwa wiki 2 au 3, kwa sababu vijidudu vinahitaji muda kubadilika kufuata chakula. Anayehama kutoka majani mabichi kwenda silaji, yaani majani yaliyovundikwa, kwa siku moja anaviua njaa vile alivyokuwa navyo kabla vingine havijazaliana.

Ukisaga mabua yawe unga, yanavunjwa vizuri zaidi? Hapana. Unga hupita rumeni haraka kabla vijidudu havijaufanyia kazi, na haumfanyi acheue. Katakata vipande vya sentimita 3 hadi 5, basi. Na majani tembo yaliyokomaa yakawa kama fito hayaokolewi na mashine yoyote, kwa sababu lignini, ile inayolifanya shina liwe gumu kama mti, haivunjwi rumenini. Kata yakiwa na urefu wa mita moja hivi.

Mgomba, ndugu zangu wa Kilimanjaro, ni maji. Zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, na protini yake ni kidogo sana. Unafaa kupunguza kiu ya kiangazi, lakini aliyeshiba mgomba ameshiba maji. Mpe pamoja na mashudu ya alizeti au majani ya mti wa lusina, ili vijidudu vipate naitrojeni ya kujengea miili yao. Vijidudu hivyo vikishuka hadi tumbo la nne na utumbo mwembamba humeng'enywa, na ndiyo protini kubwa anayoipata ng'ombe.

Ndama wa wiki moja hana rumeni inayofanya kazi. Maziwa humpita pembeni kupitia mfereji wa umio na kufika tumbo la nne. Kumwachisha mapema kwa sababu "ameshaanza kula nyasi" ni kumdhulumu. Rumeni yake hukuzwa na chakula cha nafaka kidogo kidogo pamoja na maji safi tangu wiki ya kwanza, huku maziwa yakiendelea.

Mwisho, kisu. Ng'ombe akijaa gesi baada ya kula majani mabichi ya jamii ya kunde, watu hukimbilia kumchoma ubavu wa kushoto. Gesi hiyo mara nyingi imefungwa ndani ya povu, na povu halitoki kwa tundu la kisu. Unachobaki nacho ni kidonda na uchafu ndani ya tumbo. Mnyweshe mafuta ya kupikia, robo hadi nusu lita, taratibu, kichwa kisiinuliwe sana asije akapaliwa. Mafuta huvunja povu. Mtembeze, na mpigie simu daktari wakati unamtembeza.