Je, wajua kwa nini mataifa makubwa huficha makombora yao chini ya bahari?

Ukipanda meli ya Ziwa Nyasa kutoka Kyela kwenda Mbamba Bay, kabla hujamaliza safari unapita Liuli. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, na Agosti 1914 palikuwa na meli yao, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Waingereza walijua ilipo. Meli yao, Gwendolen, ikiongozwa na nahodha Rhoades, ilikwenda moja kwa moja hadi pale na kuipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, ambaye yeye na Rhoades walifahamiana vizuri, alikuwa hata hajapata habari kwamba vita vimeanza. Akatekwa.

Kisa hicho cha ziwani kwetu ndicho kinachowanyima usingizi majenerali wa nchi zenye nyuklia. Silaha ikiwa kali na mahali ilipo panajulikana, adui anashawishika kuwahi. Makombora yaliyochimbiwa ardhini yanajulikana kwa satelaiti, na kiwanja cha ndege za kivita hakihamishiki. Vyote vikipigwa kwa mkupuo, aliyepigwa atajibu kwa kitu gani?

Jibu ni nyambizi, chombo kinachosafiri chini ya maji. Novemba 1960 nyambizi ya Marekani, USS George Washington, iliondoka kwenda doria ikiwa na makombora 16 ya Polaris, yanayofyatuliwa bila yenyewe kuibuka. Hesabu yake ni ya kutisha lakini haina ugumu: hata nchi ikiteketezwa asubuhi, kuna chombo mahali fulani baharini kitakachojibu. Adui akilijua hilo, hathubutu kuanza. Uingereza imeshikilia utaratibu huo tangu 1969. Wakati wote, sikukuu zikiwemo, angalau nyambizi yake moja iko doria.

Sasa, nyuklia humo ndani ziko mbili: ya makombora na ya injini. Hii ya injini ndiyo inayoficha. Nyambizi ya dizeli ya kawaida hutembea chini ya maji kwa betri, na betri zikiishiwa chaji lazima ipande juu, itoe bomba la kuvuta hewa na kuwasha injini. Hapo ndipo ndege za doria zinapoinasa. Kinu cha nyuklia hakihitaji hewa. Atomi za urani zinapasuka, joto lake linachemsha maji, na mvuke unaendesha mitambo. (Ndiyo, urani ileile iliyoko Mkuju kule Namtumbo, ingawa kutoka udongo ule hadi mafuta ya kinu ni safari ndefu ya viwandani.) Mafuta yakishawekwa hudumu miaka na miaka. Umeme wa humohumo unatoa oksijeni kwenye maji, na maji ya bahari yanasafishwa yakawa ya kunywa. Kinachowahi kuisha ni chakula. Nyambizi za Marekani za aina ya Ohio, zenye urefu wa mita 170, hukaa doria kwa wastani wa siku 77, na kila moja ina timu mbili za mabaharia zinazopokezana.

Linabaki suala la kelele, maana baharini sauti husafiri mbali sana. Kwa hiyo mitambo hukalishwa juu ya vizuizi vya mtikisiko, na chombo kinatembea taratibu. Ukimya huo umefikia wapi? Februari 2009 HMS Vanguard ya Uingereza na Le Triomphant ya Ufaransa ziligongana ndani ya Atlantiki. Nchi rafiki, vyombo vyenye vifaa vya kusikiliza vya bei mbaya, na bado vikakutana namna hiyo. Bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Redio nayo ni kazi. Mawimbi ya kawaida hayapenyi maji ya chumvi, hivyo nchi kavu hutumia masafa ya chini mno, na nyambizi huyapokea kwa waya mrefu inaoukokota nyuma yake. Inasikiliza tu, ikijibu, imejitangaza. Mabaharia wa Uingereza hupokea ujumbe mfupi kutoka nyumbani wasioweza kuujibu, na ukitokea msiba, habari inaweza kuzuiwa mpaka doria iishe. Kwetu, ambako mtu hupanda basi usiku huohuo kuwahi mazishi, hilo naona ndilo gumu kuliko kukaa chini ya maji.

Msomaji wa Matema atauliza: je, ingeweza kujificha Ziwa Nyasa? Kina kipo, karibu mita 700 penye kina kirefu zaidi. Kinachokosekana ni upana: penye upana mkubwa ni kama kilomita 75 tu. Nyambizi inahitaji eneo la kupotelea. Polaris za kwanza zilifika kama kilomita 2,200, kwa hiyo ilibidi kumsogelea adui. Kombora la leo, Trident, linapita kilomita 7,000, zaidi ya mara nane ya safari ya basi kutoka Mbeya hadi Dar, na ndiyo maana anayeitafuta nyambizi ana bahari nzima ya kupekua. Na hata ziwa lingetosha, Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika 2009, unakataza silaha za nyuklia kuwekwa katika nchi wanachama wa Afrika, Tanzania ikiwemo, na maji ya ndani yamehesabiwa humo.