Marando mengi si dalili ya viazi vingi

Wapo wakulima wa mwambao wanaoamini kwamba shamba la viazi vitamu lililofunikwa na marando manene, ya kijani kibichi, lazima lina viazi vikubwa chini. Sivyo. Katika joto na unyevu wa pwani, samadi nyingi huupa mmea naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, ya kupita kiasi, nao huelekeza nguvu zake kwenye majani huku mizizi, ambayo ndiyo hunenepa kuwa viazi, ukifukua shina kwa kidole, ikibaki myembamba kama penseli. Udongo unaotuamisha maji huzidisha tatizo, kwa kuwa mzizi hauwezi kunenepa bila hewa. Ndiyo maana tuta lililoinuka, la udongo tifutifu, lina faida kuliko toroli la pili la samadi, na hili nalisisitiza kwa dhati.