Falcon Heavy kupeleka watu Mwezini: dhana potofu na ukweli

Dhana: Falcon Heavy, roketi ya SpaceX inayoinua tani 63.8, haiwezi kushindwa na Orion, chombo cha wanaanga cha NASA chenye tani 26.

Tani 63.8 ni za kufika mzingo wa chini wa Dunia tu, tena pale viinuaji vyote vitatu vya chini vinapotupwa baharini. Kutoka hapo, safari ya Mwezini inadai mwendo wa ziada wa takriban km 3.1 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe. Chukulia hatua ya juu, yaani sehemu ya roketi inayowaka mwisho, ikiwa tupu ni tani 4.5. Ukiweka Orion kichwani, mzingoni hubaki fueli ya tani 38 hivi, na kwa injini yake ya mafuta ya taa (kipimo cha ufanisi wake ni sekunde 348) unapata karibu km 2.7 kwa sekunde. Pengo ni km 0.4 kwa sekunde. Orion ikiliziba kwa tangi lake, itarudije? Uwezo wake wote ni kama km 1.2 kwa sekunde.

Dhana: Basi rusha mara mbili, ziungane angani.

Wazo hili lilikuwa na watetezi wakubwa: Machi 2019 mkuu wa NASA, Jim Bridenstine, alilieleza hadharani. Kikwazo ni kwamba Orion ya safari ya kwanza ya Mwezini haikuwa na kifaa cha kuungana na chombo kingine. Halafu kuna fueli: hatua ya juu ikitumia haidrojeni kimiminika, yenye nyuzi -253, fueli hiyo huchemka na kupotea kila saa unayoisubiri roketi ya pili. Jambo linalosahaulika zaidi ni mwelekeo wa msukumo. Orion ikiunganishwa kwa pua, injini inapowaka wanaanga hawakandamizwi kitini, wananing'inia kwenye mikanda, na pete ya kuungania ndiyo inayobeba mzigo wote.

Dhana: Orion ilishapaa na roketi ya Delta IV Heavy, kwa hiyo watu wangepanda.

Ilipaa kweli, tarehe 5 Desemba 2014, bila mtu ndani na bila moduli kamili ya huduma (sehemu yenye injini na umeme), ikafika km 5,800 tu. Kubeba watu kunadai mfumo wa kugundua hitilafu na kuamuru chombo kikimbie kabla roketi haijalipuka. Roketi ya Atlas V iliongezewa mfumo huo kwa ajili ya Starliner, chombo cha wanaanga cha Boeing. Delta IV Heavy ilistaafu 2024 bila kubeba mtu.

Dhana: SLS, roketi kubwa ya NASA ya kubeba Orion, inamaliza kazi yote peke yake.

Toleo lake la kwanza hutuma tani 27 kuelekea Mwezini: Orion, basi. Chombo cha kutua huja kwa roketi nyingine.