Usilikamulie Ndimu: Dhana Potofu Kuhusu Visukuku vya Ufukweni

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Makunduchi alifungua kipande cha kanga juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na jiwe la ukubwa wa embe dodo. "Hiki ni kisukuku, mwalimu. Nimekikamulia ndimu, kikatoa povu." Kisukuku ni mabaki ya kiumbe wa kale yaliyohifadhika katika mwamba. Nikamuuliza alikikuta wapi. Ufukweni. Ufukweni sehemu gani, ndani ya mwamba au juu ya mchanga? Hakukumbuka. Alichokumbuka ni povu tu. Nimeshaletewa mawe yaliyorowekwa kwenye ndimu, kwenye siki, hata kwenye maji ya betri, na kila anayeleta anaamini kuwa povu ndiyo hati ya umri. Nimechoka kulieleza jambo hili mtu mmoja mmoja.

Povu lile ni kaboni dioksidi. Asidi ikikutana na kalsiamu kaboneti, gesi hiyo hutoka, basi. Sasa kitazame kisiwa chetu cha Unguja. Tumbawe lililokufa mwaka jana ni kalsiamu kaboneti. Kauri, chaza, kombe, ganda la yai la kuku, vyote ni hivyo hivyo. Chokaa ya kuta za Mji Mkongwe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa tanurini, na ikishapakwa hunyonya gesi hiyo hiyo kutoka hewani ikarudi kuwa kalsiamu kaboneti. Hata mchanga mweupe wa Paje ukiukamulia ndimu utachemka. Kwa upande mwingine, jino la papa limejengwa kwa fosfeti, kwa hiyo hata likiwa la kale kiasi gani halitakupa povu la maana. Ukifuata kipimo hiki utahifadhi ganda la yai na kulitupa jino.

Kinachoniuma zaidi ni uharibifu. Kijana yule, baada ya ndimu, alilaza jiwe lake ndani ya bakuli la siki usiku kucha. Upande uliobaki juu, ambao siki haikuufikia, niliona kwa lenzi vinyota vidogo vimepangana, kila kimoja na vikuta vyembamba vinavyoelekea katikati. Hivyo ndivyo vyumba walimoishi wanyama wa tumbawe, na kwa umbo lake ndipo tunapojua ni tumbawe la jamii gani. Upande wa chini ulikuwa umelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Na kilikuwa kisukuku kweli. Nilijua kwa kutazama tu pale lilipovunjika: matundu yote yamejaa fuwele zinazometameta.

Hapo ndipo pa kutazama. Tumbawe jipya ni jepesi, matundu yake yako wazi na kuta zake ni kali. La kale limepitiwa na maji ya mvua kwa maelfu ya miaka. Maji hayo huyeyusha huku na kugandisha kule, mpaka matundu yanazibika na jiwe linakuwa zito. Kombe la kale hupoteza rangi na mng'ao likawa kama chaki, au huyeyuka lote likaacha umbo lake tu ndani ya mwamba.

Lakini kuliko hayo yote, mimi nauliza mahali. Ule mwamba wa pwani uliolika chini kwa mawimbi ukabaki umening'inia kama paa, sehemu yake kubwa ni matumbawe yaliyoota bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, miaka kama 125,000 iliyopita. Kombe likiwa ndani ya mwamba huo, pande zake mbili bado zimefumbana, limefia pale pale lilipoishi. Kombe la aina hiyo hiyo likiwa juu ya mchanga, huenda nyama yake ililiwa na wachokoaji pweza mwezi uliopita. Ukiling'oa na kunyamaza, umenipokonya ushahidi wangu wote.

Tena usiseme "limo ndani ya jiwe" ukadhani umemaliza. Kuna jiwe linalofanyika pale pale ufukweni, kati ya maji kujaa na maji kupwa, mchanga ukigandishwa na kaboneti. Kazi hiyo inaweza kuchukua miongo michache tu. Mawe ya namna hiyo yameshakutwa na vipande vya chupa ndani yake.

Mengine nitayapitia haraka.

"Mfupa mzito ni mfupa uliogeuka jiwe." Mbavu za nguva ni nene, zimejaa, hazina uwazi wa uboho, na ni nzito tangu nguva akiwa hai. Takriban kila "mfupa wa jiwe" ninaoletewa ukiwa umepinda kama mundu ni ubavu wa nguva.

"Ni yai la dinosaria." Dinosaria wa Tanzania wanaojulikana zaidi walikutwa Tendaguru, Lindi, kwenye miamba ya miaka kama milioni 150, Wajerumani waliwachimba kati ya 1909 na 1913 na mifupa ikapelekwa Berlin. Miamba inayoonekana juu ya ardhi Unguja na Pemba ilifanyika baada ya dinosaria kutoweka, tena kwa muda mrefu sana. Mayai mnayoniletea, ukiyapasua, yana matabaka kama kitunguu: ni mwani wa chokaa uliokuwa ukibiringishwa na maji.

"Lina vitundu na linaelea, kwa hiyo ni mfupa." Hilo ni jiwe la volkano. Baada ya Krakatoa kulipuka 1883, mawe kama hayo yalielea kuvuka Bahari ya Hindi mpaka pwani ya Afrika Mashariki.

"Sandarusi ni kaharabu ya mamilioni ya miaka." Siyo. Zote mbili ni utomvu wa miti ulioganda, lakini sandarusi iliyopita bandari ya Unguja kwenda Ulaya na Marekani ilichimbwa mrima, yaani pwani ya bara, na kwa kawaida umri wake ni mamia au maelfu ya miaka. Tone la spiriti kali huifanya inate, kaharabu hainati.

"Unguja hapajawahi kuwa na wanyama wakubwa." Hii nayo si kweli. Katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji walikuta mifupa ya pundamilia na nyati, kwa sababu bahari iliposhuka katika enzi ya barafu Unguja iliungana na bara. Pemba ni habari nyingine: mkondo wa bahari unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita, nayo haikuungana. Kwa hiyo ukiona jino kubwa pangoni, tafadhali usiliguse. Weka ndala au sarafu pembeni yake, piga picha moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha pango au mwamba, kisha waite watu wa makumbusho.

Kijana wa Makunduchi alirudi pale pale bamvua iliyofuata, maji yalipokupwa sana. Alinitumia picha mbili. Chini ya paa la mwamba, kando ya ndala yake, kuna tumbawe pana kuliko sinia, limesimama wima kama lilivyoota, na pembeni pana pengo la ukubwa wa embe dodo.